Nyonga Yangu na Maziwa ya Bihogo

Kama umekaa kwenye benchi la hospitali na umeegemea ukuta upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili hauegemeki, ninakuandikia wewe. Sitakuambia uwe mvumilivu. Niliambiwa hivyo na watu wengi waliokuwa wamesimama kwa miguu yao miwili, na kila mmoja wao nilitamani kumpiga kwa gongo langu. Nitakusimulia tu yaliyonipata mimi, Esteri, mshambuliaji na nahodha wa timu ya wasichana ya chuo kimoja cha ualimu pale Mbarara, na jinsi nilivyokataa.

Nilizaliwa kwenye milima ya juu ya Uvira, kule Kongo, kwa watu wa ng'ombe. Tulifika Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo ninayoyajua ya kule ni ya kusimuliwa. Niliyoyaona kwa macho yangu ni vumbi la kambi, kanisa la turubai, na Papa aliyefika Uganda hana hata kwato, akaanza upya kwa kuchunga ng'ombe wa wengine kandokando ya ziwa mpaka akapata wake wachache. Mpira nilifundishwa na kaka zangu. Tulicheza na furushi la mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Walipoona ninawapita waliniweka golini, na nilipotoka golini na mpira mguuni nikawapita wote tena, wakaacha kunipangia namba.

Kanisani hawakupenda. Shemasi mmoja alimwambia Mama kwamba msichana anayekimbia na bukta mbele ya wanaume anakausha tumbo lake. Mama ni mtu wa maneno machache. Alimjibu kwamba tumbo ni la mtoto, yeye lake alikwisha kulitumia. Papa hakusema ndiyo wala hapana. Lakini nilipochaguliwa kuwa nahodha chuoni, alinipeleka zizini, akaweka fimbo yake mgongoni mwa ng'ombe mmoja wa rangi ya hudhurungi iliyokolea, akasema huyu ni wako. Jina lake Bihogo. Kwetu mtu hakupi ng'ombe ili kukufurahisha. Akikupa, amesema mbele ya watu wote kwamba wewe ni mtu.

Bihogo alibaki katika kundi la Papa, ila maziwa yake yalikuwa yangu. Kabla ya kila mechi Papa alinitumia kibuyu, kimefukizwa moshi ndani na kufungwa mfuniko wa ususi. Kilisafiri na mwenye bodaboda mmoja wa Misiera, penye maduka ya kambi yetu, aliyekuja mjini kuchukua bidhaa za maduka. Nilikinywa chote mbele ya wenzangu, nikafuta mdomo, nikaingia uwanjani. Kemigisha, nahodha msaidizi, Munyankore wa watu wa ng'ombe kama mimi, alikuwa akinicheka. Aliniuliza kama kwetu hatuna sufuria. Hata bibi yake mzaa baba, alisema, alikwisha kuanza kuchemsha.

Sisi hatukuchemsha. Maziwa yakiguswa na moto, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zinapasuka na yeye mwenyewe anakauka. Hivyo ndivyo Papa alivyofundishwa na baba yake, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa sisi. Tulikuwa Waprotestanti wa kusali asubuhi na jioni, tulikuwa tumeacha mambo mengi ya mababu, lakini hilo halikuwa jambo la kuacha. Lilikuwa kama kutompiga mama yako. Nani anahitaji kufundishwa?

Ugonjwa ulianza na mvua za Machi. Kila jioni mwili ulipanda joto, asubuhi nikaamka shuka limelowa kana kwamba mtu amelifua nikiwa ndani yake. Zahanati ya kwanza walisema malaria, nikameza dawa. Ya pili walisema taifodi, nikameza tena. Ya tatu walisema ni mawazo, kwa sababu wakimbizi tuna mawazo mengi. Huyo wa mawazo nilimwambia kwamba mawazo yangu yote yako kwenye nusu fainali, na hayajawahi kuniuma kiunoni. Nilitoka bila dawa, nikafunga mlango wao kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kocha wetu alikuwa sajini mstaafu wa Makenke, kambi ya jeshi pale mjini. Sote tulimwita Afande, na kwa heshima yake tuliruhusiwa kufanya mazoezi kwenye kiwanja cha kambi, askari wakitazama. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona. Alisema ninakimbia kama mtu aliyebeba gunia begani. Nilimwambia gunia nitalitua baada ya fainali. Kila siku nilipovaa viatu nilikaa chini kwa upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia, pale paja linapoungana na kiuno, palikuwa pameanza kuwaka.

Nusu fainali tulicheza palepale Makenke. Nilifunga bao, la kichwa, na ninalikumbuka vizuri kwa sababu ndilo lililoniangusha. Nilishuka kwa mguu wa kulia na mguu ukakataa. Wenzangu walinirukia kwa furaha, wakainuka mmoja mmoja, mimi nikabaki. Afande alikuja taratibu akachuchumaa.

"Kapteni, wewe nalala hapa sababu gani?"

Nilimwambia anipe dakika moja. Alinitazama uso, akavua kofia yake akanifunika jua.

"Mimi hapana taka mtu ya kufa kwa kiwanja yangu. Kesho wewe nakwenda hospitali kubwa. Hiyo ni amri."

Chumba cha kungojea cha hospitali kubwa kina harufu yake: dawa ya sakafu, ndizi zilizoiva kwenye mifuko ya wagonjwa, na makoti ya wafugaji. Nilikaa siku nzima. Kemigisha alinishikia nafasi nilipokwenda chooni, na kwenda chooni ilikuwa safari. Wazee wa viatu vya mpira walikaa wameinama, fimbo kati ya magoti, na hakuna aliyelalamika. Nilijiuliza kwa nini wazee wote wa ng'ombe wanakaa hivyo, upande mmoja. Sikujua bado kwamba nilikuwa nimeuliza swali zuri.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuniuliza kuhusu mawazo. Aliniuliza kama kwetu tunafuga, nikasema ndiyo kwa majivuno. Akauliza kama tunachemsha maziwa, nikacheka. Yeye hakucheka. Damu ilipopimwa ugonjwa ukapata jina: brusela. Nilifurahi. Utashangaa, lakini aliyezungushwa miezi mitatu ananielewa. Adui mwenye jina unaweza kumkaba.

Kisha ikaja miezi ya sindano. Kila asubuhi kabla ya masomo, upande huu leo, upande ule kesho, mpaka nikawa sina mahali pa kukalia darasani. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyeipasha dawa joto kwa kuishika kiganjani huku akinisimulia habari za wanawe. Wengine waliichoma baridi kama ilivyotoka sandukuni. Jina la huyo wa kwanza silikumbuki, kiganja chake nakikumbuka. Kemigisha alinibebea maji ya kuoga bila kuombwa, akasimama nje ya bafu akiimba vibaya kwa makusudi ili nisisikie aibu ya kuoga nikiwa nimeketi. Paja langu la kulia, lile lililokuwa likipiga mpira mpaka nyavu zinatikisika, lilikuwa jembamba kuliko la kushoto. Nililipima kwa viganja na kulitukana. Fainali ilichezwa bila mimi na tukafungwa. Nililia kwa hasira, wala sioni haya kusema.

Kiangazi kilipokaribia kwisha nilikuwa ninatembea vizuri, homa imeondoka, nikaenda nyumbani likizo. Nilimweleza Papa yote aliyosema daktari: maziwa yasiyochemshwa basi, hata tone. Papa alisikiliza mpaka mwisho.

"Ule munganga," akauliza, "iko na ng'ombe ngapi?"

Nikasema sijui, labda hana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Hakukasirika. Alisema tu kwamba moto haukaribii maziwa ya nyumba yake, na kama sitaki kunywa, nisinywe. Nikasema sawa. Sikunywa. Nilikula ugali na maharage, na asubuhi Mama alinipa uji wa mtama na mahindi, mweupe, mzito. Nilimuuliza ameweka maziwa? Akasema uji umepikwa, nisiogope. Alikuwa akinitazama ninavyokunywa kama anayeangalia mche ulionyauka ukinyanyuka.

Mvua za Septemba zilikuja na joto la jioni tena. Safari hii ugonjwa haukubisha hodi, uliingia ukijua chumba kilipo. Nyonga ilivimba ndani, nikashindwa kupanda ngazi za bweni, nikapewa magongo. Daktari wangu alinitazama kwa huzuni ya mtu aliyedanganywa. Aliniuliza kuhusu maziwa mara tatu, kwa maneno tofauti, na mara tatu nikaapa. Muuguzi mwingine aliyekuwa akipanga chupa alisema kwa sauti ya chini kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia kifo kisubiri foleni kama sisi wote.

Dawa za mara ya pili zilikuwa nyingi na za muda mrefu. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, na machozi pia, jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Chakula kilikuwa na ladha ya sarafu. Daktari alisema nitatembea, lakini mpira nisahau. Alisema kwa upole, akanishika mkono. Nilimshukuru, nikatoka, nikaenda moja kwa moja Makenke na magongo yangu, nikamwomba Afande kiti. Nilikaa pembeni ya goli nikiwapigia kelele washambuliaji wote wa timu. Kitambaa cha unahodha alikuwa nacho Kemigisha. Alikivaa chini ya mkono wa jezi, pasipoonekana, na nilipomuuliza kwa nini akasema kinambana. Kilikuwa hakimbani.

Desemba nilirudi Nakivale. Nilikuwa nimeacha gongo moja, ninatembea na lililobaki, mguu wa kulia ukichora nusu duara kabla ya kukanyaga. Pale Misiera palikuwa na mama mmoja Mbembe, Mama Riziki, aliyekaanga mandazi nyuma ya maduka na kunijua tangu utoto. Aliniona nikija kwa mbali, akaweka mwiko chini.

"Esteri, unatembea sawa papa yako," akasema. "Sawa kabisa. Nilizani ni yeye."

Nilicheka, nikanunua mandazi, nikaenda zangu. Njiani nikaacha kucheka. Papa alikuwa akichechemea tangu nilipopata akili. Tulidhani ndivyo wachungaji wanavyotembea. Kila mwaka alikuwa na wiki zake za kulala na kutokwa jasho, tukiziita homa ya zizi, na hakuna aliyeshangaa kwa sababu kila mzee mwenye ng'ombe alikuwa nazo. Wale wazee wa benchi, wanaokaa upande mmoja, nao walikuwa nazo. Nilisimama katikati ya njia, mandazi mkononi, nikamwona Papa mzima kwa mara ya kwanza.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikakaa gizani kando ya jiko bila Mama kuniona. Alikoroga uji kwa maji, ukachemka, akauepua. Akaubeba mpaka nje ya jiko, mbali na moto, akaufunika akangoja upoe. Kisha akaleta kibuyu akamimina maziwa mabichi ndani yake, mengi, akakoroga kwa furaha. Uji ulikuwa umepikwa kweli. Maziwa hayakuwa yameuona moto. Hakuwa amedanganya hata neno moja.

Nilimwita. Aligeuka akaniona, na kwanza akatabasamu, akidhani nimekuja kuomba kikombe. Nilipomwambia alichokuwa akinifanyia, aliketi chini palepale kwenye vumbi. Alisema alitaka nipate nguvu. Alisema hilo tu, mara nyingi. Nilikuwa na hasira ya kupasua mawe na sikuwa na mtu wa kumpiga nalo hata moja, kwa sababu aliyekuwa akiniua alikuwa akinipenda.

Basi nikafanya jambo ambalo halijawahi kufanyika katika nyumba ile. Nilichukua sufuria, nikamimina maziwa ya Bihogo, nikayaweka motoni mchana kweupe, mlango wazi. Yakapanda, yakamwagika kidogo kwenye makaa, harufu ikaenda mpaka zizini. Papa alikuja anachechemea haraka. Aliona, akasimama. Alisema ninaua ng'ombe. Nilimjibu kwamba ng'ombe ni wangu, alinipa mwenyewe mbele ya watu, na maziwa yake nitayapika mpaka nipone. Alikusanya kundi lake akaondoka kuelekea Rugaaga kutafuta malisho, na hakurudi mpaka nilipokwisha kwenda chuoni.

Ungedhani sasa mambo yangekuwa mazuri. Homa iliondoka kweli, na mguu ukaanza kunyooka. Lakini mvua za Machi ziliponyesha, Bihogo, aliyekuwa na mimba, akaitupa. Habari zilinifikia kwa yule mwenye bodaboda, akizisema huku ametazama pembeni. Pasaka niliitwa nyumbani.

Papa alikuwa amewaita wazee wawili wa kanisa. Mmoja alikuwa Mfulero, si wa lugha yetu, kwa hiyo maneno yote yalisemwa kwa Kiswahili cha kwetu. Tulikaa uani, viti vya wanaume upande huu, mkeka wa Mama na mimi upande ule. Papa hakupaza sauti.

"Nilimupatia ng'ombe," akasema. "Akaipikia maziwa. Leo ng'ombe imetupa mimba. Museme benyewe."

Wazee wakasema. Walisema juu ya kuwaheshimu baba na mama. Walisema juu ya bukta. Mmoja alinitazama akasema sikio la kufa halisikii dawa, nami nikamwambia mimi ndiye ninayemeza dawa hapa, vidonge kwa viganja, na sikio langu li hai. Mama alinigusa goti ninyamaze. Kisha, akiwa bado ameshika goti langu, Mama mwenyewe akasema. Sijawahi kumsikia akisema kwenye kikao cha wanaume, si kabla ya siku ile wala baadaye.

"Na mimba ya kwanza ya Bihogo? Ile ilitupa mbele ya huyu mutoto kuipewa. Ile wakati moto ilikuwa fasi gani?"

Papa alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyemzika ndama yule wa kwanza kabla Bihogo hajawa wangu. Niliona anavyotazama mikono yake. Ningeweza kunyamaza hapo, nimekwisha kushinda. Lakini sikuwa nimekuja kushinda, nilikuwa nimekuja kupona, na kulikuwa na jambo moja lililokuwa limenikaa kooni tangu Misiera. Nilisimama bila gongo, nikatembea kutoka mkekani mpaka kwenye kiti chake, watu wote wakiona ninavyochora ile nusu duara.

"Nakupenda mingi, Papa," nikasema. "Lakini kutembea sawa weye, nakataa."

Alinitazama mguu, si uso. Kisha akainuka, akachukua fimbo, akaenda zizini kwa mwendo uleule. Wazee wakaomba sala fupi wakaenda zao. Sikuongea na Papa tena kwa miezi yote ya mvua. Mama alinipigia simu na kuniambia habari za majirani, na nilipouliza habari za Papa alisema yupo.

Nilijirudishia mguu mwenyewe, na Afande. Asubuhi na mapema tulizunguka kiwanja cha Makenke, kwanza nikitembea, baadaye nikikimbia kama kuku aliyefungwa kamba, yeye nyuma yangu akihesabu kwa sauti ya gwaride. Wake za askari waliokuwa wakianika nguo walinizoea. Mmoja alinipa uji, nikamuuliza kwanza maziwa yaliingia lini, kabla ya moto kuzimwa au baada. Alinicheka. Siku hizi namuuliza kila mtu swali hilo, na wewe nakushauri uulize. Usiulize kama chakula kimepikwa. Uliza ni nini kilichoingia baada ya kuepuliwa. Na dawa zako zimalize zote, hata siku utakayojiona mzima kuliko wote, kwa maana ugonjwa huu unajua kujificha. Daktari aliponiona nikipanda ngazi zake bila kushika ukuta alipima, akapima tena, akasema haya, kidogo kidogo, usinitie aibu. Nilimwambia nitajitahidi kwa hilo la kidogo.

Kiangazi cha mwaka wangu wa mwisho tukaingia fainali, palepale Makenke. Afande alisema nitaanzia benchi na nitaingia kipindi cha pili. Nilipinga, akaniambia amri ni amri. Kemigisha alikuja akavua kile kitambaa, akanifunga mkononi, akasema hata aliyeko benchi anaweza kuwa nahodha, yeye amechoka kubanwa.

Mapumziko yalipofika nilikuwa ninanyoosha misuli pembeni, na nikaona askari wa lango akimsindikiza mzee mmoja mwenye kofia na koti refu, katikati ya jua kali lile. Alikuwa akichechemea. Papa hakuwahi kuja kwenye mechi yangu hata moja. Hakuwahi kufika mbali hivyo mjini bila ng'ombe wa kuuza. Alipofika kwangu hakunisalimu kwanza, jambo ambalo si desturi yake. Alifungua koti, akatoa kibuyu, akakinyoosha.

Mbele ya timu, mbele ya askari, baba yangu ameniletea kilekile. Ningekataaje? Ningekubalije? Kemigisha alikuwa ameacha kunywa maji yake, anatutazama. Nilifungua mfuniko wa ususi ili kupata muda wa kufikiri, nikachungulia ndani.

Juu ya maziwa kulikuwa na utando.

Ule utando mzito, wa manjano kidogo, unaojikunja ukiugusa kwa kidole. Maziwa mabichi hayana utando huo. Niligusa kibuyu, bado kilikuwa na uvuguvugu. Kilinukia moshi wa zamani, na juu ya moshi, mafuta ya mandazi. Nilimtazama Papa. Alikuwa ametazama goli la mbali kana kwamba ana kazi nalo.

"Inapikiwa Misiera, kwa Mama Riziki," akasema. "Kila siku naipeleka miye mwenyewe, ya nyumba yote, chini ya koti. Bihogo haijue. Na weye usiiambie."

Kila siku. Kutoka zizini mpaka Misiera na kurudi, kwa nyonga ile. Nikanywa. Niliyanywa mpaka tone la mwisho, utando na yote, nikafuta mdomo kwa mkono, nikamrudishia kibuyu chake. Alikipokea akiwa amesimama kwa mguu mmoja, wa pili ameuegesha tu, kama alivyosimama maisha yangu yote. Nikamwambia kwamba Jumatatu tutakwenda hospitali, yeye na mimi, na benchi la pale ninalijua, nitamtafutia upande wa kuegemea.

Afande aliniita. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuingia. Papa alifunga koti, akakiweka kibuyu kwapani.

"Ucheze kwanza," akasema.

Nikaenda kucheza.